Waya wa Nne

Gerezani, Nakuru
9 Februari 2025

Dada yangu Jepleting,

Pokea salamu za mtu aliyeamka salama, akaoga maji baridi na kuhesabiwa mara mbili kabla ya uji. Mimi ni mzima. Kikohozi kile cha Disemba kimeniachilia, na sasa wamenipeleka kwenye useremala, ambako napiga viti msasa siku nzima. Vumbi ni jingi lakini ni afadhali kuliko kukaa bure.

Mama anaendeleaje na yale magoti? Mke wangu alipokuja kuniona alisema mama ameanza tena kwenda shambani peke yake huko Kuresoi, fimbo mkono mmoja na jembe mkono wa pili. Mkatazeni, ingawa najua hamtaweza. Nekoye alisema pia kwamba Travis wetu amekuwa wa nne darasani. Ukimwona mwambie baba yake amefurahi, na kwamba wa nne bado si wa kwanza.

Sasa neno langu. Tangu nifungwe Novemba, Nekoye amekuja kila mwezi, na hata mzee wa kanisa alikuja na Biblia na sabuni. Wewe hujakanyaga hapa, na kutoka Rongai si safari ya mtu kubeba chakula cha njiani. Sikulaumu, nauliza tu. Kama ni kazi imekushika, nashukuru Mungu. Kama ni jambo lingine, liache. Siku ile gari letu lilipogongwa kwa nyuma, niliwaambia polisi kwamba nyaya za taa za nyuma nilizifunga mimi mwenyewe, na nikasema hivyo hivyo mbele ya hakimu. Limekwisha. Mwaka mmoja na nusu si maisha. Aliyepoteza maisha ni Kipketer na pikipiki yake ya maziwa, na huyo hakuna barua inayomfikia.

Ukijibu andika kwa uangalifu, maana barua zetu hupitia kwa afande wa ofisini kabla hazijatufikia.

Ni mimi kaka yako,
Kipkirui


Rongai
2 Machi 2025

Kaka Kipkirui,

Salamu nyingi kutoka kwa sisi tulio nje, ambao pia tunaamka na kuoga, ila hakuna anayetuhesabu. Barua yako ilifika wiki mbili zilizopita. Nimeisoma mara nyingi na kila mara nimeirudisha kwenye droo. Nisamehe.

Mama hajambo, magoti ndiyo yale. Mvua imechelewa na viazi vya juu ya mto vimechomwa na baridi. Amekataa fimbo mpya niliyomnunulia, anasema ile ya zamani inamjua. Travis nimempa ujumbe wako, akanuna.

Hapa gereji kazi iko, si haba. Juzi mteja aliingia na Probox isiyowaka, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaniuliza, "Madam, fundi wa wiring ako wapi?" Nikamwambia, "Boss, ni mimi." Akatafuta kiti akakaa kwanza. Gari lilipowaka alinisifu hadi barabarani. Lakini unajua vile wako: siku gari lisipowaka, watasema kosa ni lao kupelekea mwanamke. Canter ya marehemu baba iko nyuma ya gereji, bado haina injini nzuri, nimeifunika turubai.

Kuna jambo ambalo mama ameniambia nikuandikie. Wazee wa kwa Kipketer wameleta ujumbe. Wanasema korti imemaliza yake lakini nyumba hizi mbili ni jirani na haziwezi kuishi hivi, watoto wakipitana njiani bila salamu, watu wetu hawawezi kunywa maziwa kwao wala wao kwetu. Wanataka tukae, mkono uliofanya utajwe mbele ya mjane, ndipo mengine yazungumzwe. Kwa kuwa wewe uko ndani, wazee wamesema anayestahili kusimama mahali pako ni mimi, kwa sababu nilikuwepo. Walitaja mwezi wa nne, baada ya kupanda.

Mama amefurahi sana. Anasema akifa hataki kuzikwa na majirani wamesimama mbali.

Kuhusu kuja kukuona, nitakuja mambo yakitulia kidogo.

Dada yako,
Jepleting


Gerezani, Nakuru
23 Machi 2025

Dada yangu,

Nimepata barua yako nikiwa na meno yanayouma, lakini nimecheka juu ya yule mtu wa Probox. Wamening'oa jino moja. Sasa natabasamu vizuri zaidi, anasema jirani yangu wa kitandani.

Msalimie mama. Mwambie habari ya wazee imenipa usingizi mzuri kwa mara ya kwanza humu. Mmefanya vyema kukubali.

Nenda ukasimame. Ukiulizwa mkono wa nani, sema wa Kipkirui, mwana wa baba yetu. Usiongeze, usipunguze. Wakikuuliza habari za waya na taa, sema wewe ulishika usukani wa Canter kwa nyuma huku mimi nikiivuta na lori la mwajiri wangu, na kwamba mengine wamuulize aliye ndani. Ukimaliza kaa chini. Mjane wake Kipketer, Jepchumba, akilia, mwache alie, ana haki.

Najua kichwa chako. Kikianza kuchimba hakiachi. Safari hii kiambie kinyamaze.

Hujaniambia kwa nini huji. Sitauliza tena.

Kaka yako,
Kipkirui


Rongai
21 Aprili 2025

Kaka Kipkirui,

Jana ilikuwa Pasaka. Tulikula kwa mama, Nekoye akapika kuku wa Kiluhya mpaka mama akaomba mchuzi wa pili. Watoto walicheza. Walikuwekea kiti, sikukipenda, nikakitoa nje kwa kisingizio kwamba nataka kukikalia juani.

Kikao kimesogezwa hadi Jumamosi tarehe kumi Mei, kwa sababu mzee wao mmoja alikuwa anauguliwa na mke.

Ulisema niandike kwa uangalifu. Nimeshindwa. Afande utakayesoma, nisamehe, hii ni barua ndefu.

Ile Jumapili ya Agosti tulipotaka kuivuta Canter, uliniambia tungoje. Duka la spea lilikuwa limefungwa na mimi nilikuwa na waya wa kufika Canter mara tatu tu: mmoja wa taa ndogo, mmoja wa breki, mmoja wa indiketa. Canter haikuwa na betri, kwa hiyo taa zake zote zilitegemea lori lako. Waya wa nne, ule wa earth unaorudisha umeme, haukuwepo. Ukasema, "Si tungoje kesho asubuhi?" Nikasema mwajiri wako anataka lori alfajiri. Ukasema utampigia. Nikakucheka. Nikakwambia mnyororo ni chuma, chuma hupitisha umeme, kwani fundi ni nani hapa? Nikaufanya mnyororo wa kuvutia kuwa ndio earth. Ukasogeza lori, mnyororo ukakaza, taa zote zikawaka nyekundu safi. Ulinipigia makofi, kaka. Ulikuwa umesimama nyuma ya Canter unanipigia makofi.

Lakini mnyororo hukaza barabara ikiwa tambarare au ikipanda. Ikishuka, gari la nyuma linalisogelea la mbele, mnyororo unalegea, pete zake zinaachana, na umeme unakosa njia ya kurudi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua. Mimi nilijua, ila nilitaka kuonekana.

Hilo ungeweza kusema ni kosa la kazi. Sikiliza linalofuata, maana hili hujawahi kulisikia. Ilikuwa kama saa kumi na mbili na nusu jioni, ukungu mzito. Kwenye kioo cha pembeni nilikuwa nauona wekundu wa taa zetu umetanda kwenye ukungu huko nyuma. Tulipoanza mteremko wa kwanza, wekundu ukapotea. Tukapanda, ukarudi. Mteremko wa pili ukapotea tena. Wewe huko mbele usingeweza kuona, ulikuwa unaona uso wa Canter tu. Tulikubaliana nini? Kwamba honi haifanyi kazi, kwa hiyo nikiona shida nitoe mkono dirishani, utasimama. Sikutoa mkono. Nilijua utashuka, utakuja dirishani, utaniuliza kuna nini, nami nitalazimika kusema kwamba ulikuwa sawa kuhusu kungoja. Nikajiambia imebaki miteremko michache tu. Kwenye mteremko wa tatu nikasikia kishindo.

Ni aibu tu. Nimetafuta sababu nyingine tangu Agosti na sijaipata.

Polisi waliponiuliza, niliandikisha kwamba taa zilikuwa zinawaka tulipotoka. Ni kweli zilikuwa zinawaka tulipotoka. Nikageuka nikakusikia wewe ukisema umezifunga mwenyewe, nikanyamaza. Ndiyo sababu siji. Nitakaa mbele yako niseme nini, kwamba Travis ni wa nne?

Sasa wananitaka nisimame mbele ya Jepchumba niseme mkono ni wako. Nipe ruhusa nisiseme hivyo.

Jepleting


Gerezani, Nakuru
27 Aprili 2025

Jepleting,

Afande aliniletea barua yako mwenyewe, imefunguliwa. Akaniambia, "Hii ni maneno ya familia. Mimi sijaona kitu." Mshukuru Mungu kwa huyo mtu, na usimjaribu mara ya pili.

Sikupi ruhusa. Nakukataza kama mkubwa wako na kama mtu aliyekaa mahali pa baba tangu baba alipokufa. Tumia akili. Mimi nimeshafungwa. Ukisema, hawatanifungulia mlango waniombe msamaha. Watasema dereva ndiye anayepaswa kukagua, na kwamba juu ya hayo nilidanganya. Halafu watakuja kwako. Tutakuwa wawili ndani badala ya mmoja. Mama atapelekwa na nani kliniki? Nekoye atasaidiwa na nani? Na gereji yako, ambayo ulianza na tester moja ya kupima umeme na kiti cha kuazima, nani atakuletea gari tena? Wale wote waliokuwa wanangoja mwanamke akosee, unataka kuwapa sherehe?

Habari za mkono na dirisha nimezisoma. Hazibadilishi kitu. Lori lilikuwa mikononi mwangu.

Sikuwahi kukuomba chochote. Nakuomba hili. Sema jina langu, kaa chini.

Kipkirui


Rongai
13 Mei 2025

Kaka yangu,

Nakusalimu, na mama anakusalimu, ingawa tangu Jumamosi haongei sana. Mvua imekuja sasa, nyingi mno. Nekoye ni mzima, watoto ni wazima.

Sikukusikia.

Tulikaa kwao, chini ya mabati ya zizi kwa sababu ya mvua, sisi upande huu na wao upande ule. Mama alibebwa kwa kiti, magoti yalikataa matope. Alikuwa amevaa leso yake ya harusi za watu. Mzee wao alisema maneno mazuri kuhusu ujirani, kisha akauliza, "Mkono uliofanya ni wa nani?" Nikasimama. Nilikuwa nimelikariri jina lako njia nzima, nakuapia, nilikuwa nimeamua kukutii. Kisha nikamwona Jepchumba. Hakuwa analia kama ulivyosema. Alikuwa amekaa na daftari la maziwa la Kipketer mapajani, sijui kwa nini alilileta, na ananitazama kwa upole, kama mtu anayemhurumia dada wa mkosaji. Alikuwa ananihurumia mimi.

Nikasema, "Ni wangu." Nikasema yote niliyokuandikia, la mnyororo na la kioo na la mkono ambao sikuutoa.

Mama alipiga kelele mara moja, kama mtu aliyechomwa na mwiba. Wazee wakaanza kuongea pamoja. Jepchumba akanyoosha mkono wakanyamaza. Akaniuliza, "Zilizima mara ngapi?"

Nikasema mara tatu.

"Na zote uliona?"

Nikasema niliona.

Akafikiri. Akasema, polepole, kama anayepiga hesabu ya vitu vya nyumbani: "Mara ya kwanza Kipketer alikuwa bado anasuuza mitungi ya maziwa pale kwa dairy. Ya pili tulikuwa tunaongea kwa simu. Aliniuliza kama anunue mkate, nikamwambia mkate uko." Kisha akasema, "Nimemlaani kaka yako kila asubuhi tangu Agosti. Sasa hiyo nitaitoa aje kwake?"

Swali lake nakuletea wewe.

Hatukunywa maziwa. Wazee wamesema jambo limeanza upya na hawajui watalikalia lini tena. Tulimbeba mama tukarudi, na njiani aliniambia neno moja tu, kwamba ningemwambia yeye kwanza.

Jana Jumatatu nilienda polisi nikaandikisha taarifa mpya. Afisa alinisomea ile ya zamani na hii, akaniuliza ni ipi ya uongo. Nikasema ile ya zamani haina uongo hata mmoja, na ndiyo ubaya wake. Wameniambia nisisafiri, wataniita. Leo asubuhi wateja watatu wamekuja kuchukua magari yao kabla hayajaisha, kwa adabu tu, kila mmoja na sababu yake. Yule wa Probox alikuja pia. Alikaa kidogo kwenye kile kiti, akaenda.

Kaka, umekasirika? Niandikie hata kama umekasirika.

Jepleting


Gerezani, Nakuru
1 Juni 2025

Dada yangu Jepleting,

Nakusalimu sana. Nimechelewa kukuandikia na hakuna aliyenizuia. Karatasi nilikuwa nayo.

Mimi ni mzima wa mwili. Walinitoa useremala kwa siku mbili kwenda kuhojiwa, halafu wakanirudisha. Wakili anayetusaidia hapa amesoma taarifa yako. Anasema atapeleka maombi, lakini nisijipe moyo, maana dereva ni dereva, na mimi nilidanganya chini ya kiapo. Na wewe anadhani watakushtaki kabla ya Agosti. Ni vile vile nilivyokwambia. Mwandalie mama mtu wa kulala naye, na Nekoye mwachie funguo za gereji.

Swali la Jepchumba nimelipata. Mwambie laana aiache palepale ilipo, haijakosea nyumba sana.

Umeniuliza kama nimekasirika. Nilikasirika siku tano. Nilitupa msasa, nikamtukana jirani wa kitandani ambaye hajanikosea. Nilikuwa najiambia nimekasirika kwa sababu hukunitii. Siku ya sita nikashindwa kuendelea kujidanganya, kwa hiyo nakuandikia kama yalivyo.

Mimi sikuzifunga zile taa, Jepleting, na sikujua kwa nini zilizima. Polisi waliponiambia taa za nyuma hazikuwa zinawaka, niliapa moyoni kwamba wanaongopa, kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma ya gari nikaziona. Nilisema nimezifunga mimi ili wasikuguse usiku ule, nikidhani ni neno la usiku mmoja, kesho utaamka utulie, uende ueleze kitu ambacho mimi sikukijua. Kesho haikufika. Kortini ulikaa benchi la tatu na sweta ya kijani. Hakimu aliponiuliza kama nina la kusema kabla hajanihukumu, nilikaa kimya muda mrefu hadi karani akakohoa. Watu walidhani nimeshikwa na uchungu. Nilikuwa nakupa nafasi.

Na humu ndani, kila afande alipoita jina langu kwamba kuna barua, nilisema leo amesema. Ilipofika yako, nikafungua, nikakuta magoti ya mama. Siwezi kukueleza jinsi nilivyoyachukia magoti ya mama yangu mwenyewe. Nilipoona hutasema, nikaanza kukuamuru unyamaze, na hata ulipoomba ruhusa nikaendelea, ili angalau ionekane ni mimi niliyetaka.

Ni mimi kaka yako,
Kipkirui